Mbwa wa Rafiki Yangu

4 Machi

Kwa mkwe wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yangu. Mimi mzima. Mikasi bado inakata, na wateja bado wananidanganya kwamba watalipa Jumamosi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu dukani kwangu simu haina siri. Nikisema "halo" tu, waliokaa kwenye benchi wanaacha mazungumzo yao na kusikiliza yangu. Na jambo lenyewe wala si langu.

Nina rafiki. Ni mtu wa heshima zake, hataki kutajwa. Ana mbwa mzee ambaye miguu ya nyuma imemkataa. Asubuhi mbwa huyo anajaribu kuinuka, anaketi, anajaribu tena, kisha anatazama pembeni kama mtu aliyeteleza mbele za watu. Rafiki yangu huingia ndani akajifanya anatafuta kitu, ili mbwa asijue kuwa ameonwa. Ngazi moja tu ya kuingilia dukani, yaani nyumbani kwake, sasa inamshinda.

Amesikia kwamba mnayo taa mnayoimulika kwenye viungo vya wanyama, maumivu yakapungua. Ameniuliza mimi kwa kuwa anajua nina mkwe kwenye kazi hiyo. Nimemwambia sijui lolote, nitauliza. Kwa hiyo nauliza. Inauma? Na ni tiba kweli, au ni kiini macho cha kuwaliza watu wanaopenda mbwa wao kupita kiasi?

Usimsumbue binti yangu na habari hii.

Baba mkwe wako, kwa niaba ya rafiki


9 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipokea. Tangu nimuoe binti yako hii ndiyo mara ya kwanza umeniandikia, kwa hiyo niliifungua nikiwa nimesimama.

Mwambie rafiki yako si kiini macho. Mashine yenyewe haizidi ukubwa wa redio ya zamani. Ina waya, na kwenye ncha ya waya kuna kichwa ninachokishika mkononi. Mwanga wa leza unapenya manyoya na ngozi mpaka kwenye kiungo. Huko unaamsha damu itembee, uvimbe wa ndani unapungua, maumivu yanashuka. Uzee wenyewe hauutibu. Mbwa mzee atabaki mzee, ila anaweza kuwa mzee anayeinuka. Hauumi; mnyama anasikia vuguvugu tu, na wengi husinzia mezani. Inabidi arudi tena na tena, maana mara moja haitoshi.

Wote tulio chumbani tunavaa miwani ya kinga, na mbwa anavalishwa yake. Najua inachekesha, lakini mwanga ule haucheki na macho.

Naomba rafiki yako aniambie rangi ya manyoya, kwa sababu meusi hunywa joto kuliko ya rangi nyingine na kipimo inabidi kishuke. Aniambie pia kama mbwa ana uvimbe wowote mwilini, maana hatumuliki juu ya kitu tusichokijua. Na tafadhali sana, asimpake chochote kabla ya kumleta: mafuta, dawa ya kupe, chochote kile.

Kama hawezi kuja mwenyewe, mabasi yanasafirisha wanyama kwenye vizimba. Nitampokea ofisi ya vifurushi.

Mkweo


14 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Rafiki yangu amefurahi, ingawa si mtu wa kuonyesha.

Mbwa ni mweusi. Mweusi tii. Uvimbe hana, nimemkagua mwenyewe, yaani tumemkagua. Jina lake Meja. Anaweza asiitike ukimwita, ni kiziwi kidogo. Atakuja na basi la Alhamisi.

Mpeleke kliniki moja kwa moja, asipitie nyumbani kwanza. Binti yangu ana moyo mwepesi kwa mbwa, atamzoea bure. Na ukimlaza, mlaze upande wa kulia. Wa kushoto unamuuma zaidi.

Rafiki yangu anauliza kama hiyo miwani ni lazima.

Baba mkwe wako, kwa niaba ya rafiki


22 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Sina uso wa kukuandikia, lakini ukisikia kwa mtu mwingine itakuwa vibaya zaidi.

Nimemuunguza mbwa wa rafiki yako.

Alifika salama. Nilimpeleka kliniki kama ulivyoagiza, nikampapasa nyonga, nikamvalisha miwani, naye akakubali kama mtoto anayevalishwa kofia na mama yake. Alikuwa na harufu kali kidogo. Nikadhani ni sabuni ya kupe aliyoogeshwa zamani. Nikaweka mashine kwenye kipimo cha mbwa mweusi, ambacho ni cha chini, nikaanza. Haikuchukua muda akapiga ukelele na kuruka. Nilipofunua manyoya ngozi ilikuwa nyekundu, na jioni lengelenge likatoka, upana wa kizibo cha chupa.

Kipimo kilikuwa sahihi, nimekirudia kichwani mpaka nimechoka. Kosa langu ni jingine na nalijua. Mkono wangu wa pili ulitakiwa uufuate mwanga, mtupu, ukipapasa pale ulipopita, ili ngozi ikipata moto niujue kabla ya mbwa. Siku hiyo nilivaa glavu. Nilitaka nionekane nadhifu, utadhani kuna mtu ananitazama. Baba, nilikuwa nafanya kazi huku nikiliwaza duka lako. Najua pale naitwa Bwana Taa. Najua kuna siku ulijiwekea vikombe viwili vya sabuni machoni kama miwani ukabweka, na benchi zima likavunjika mbavu. Binti yako alinisimulia akicheka, kisha akauona uso wangu akaacha. Nilitaka mbwa huyu arudi akitembea vizuri apite mbele ya benchi lile. Hicho ndicho nilichokuwa nakitazama, badala ya ngozi yake.

Kuna jingine la kuniaibisha. Uliponiandikia mara ya kwanza nilidhani hakuna rafiki. Nilidhani ni mbwa wako Karani, yule wa kahawia anayelala kizingitini na kumkagua kila anayeingia. Uliposema mweusi, nikajiona mtu mbaya kwa kumdhania mzazi uongo. Nisamehe na hilo pia.

Daktari mkuu ameniondoa kwenye mashine. Kwa sasa naosha vizimba. Kutakuwa na kikao, na wakiona ni uzembe nitaachishwa kazi. Daktari ameniuliza kama mbwa alipakwa kitu. Nimemjibu hapana, kwa sababu nilikuandikia asipakwe, na kama angepakwa ungeniambia. Hata hivyo anataka neno la mwenye mbwa mwenyewe. Tafadhali muombe rafiki yako aandike, hata kama ni kunilaumu.

Mbwa yuko nyumbani kwetu, binti yako anamuuguza. Baada ya yote yale alinilamba mkono, juu ya glavu.

Mkweo


25 Machi

Baba, shikamoo.

Mume wangu hajui kwamba nakuandikia.

Mbwa wa rafiki yako aliingia ndani, akapita chini ya meza bila kuongozwa, akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Nilikuwa nashona kifungo. Mguu ulimtambua kabla yangu. Nikaita "Karani" kwa sauti ndogo kabisa, na yule kiziwi wako akapiga sakafu kwa mkia.

Nikalowesha kitambaa nikamfuta shingo, kitambaa kikawa cheusi. Nikamgeuza masikio, ndani ya mikunjo ni kahawia. Tumboni ulisahau, au mgongo ulikuuma kuinama. Na harufu ile naijua, Baba, nimekua nayo. Ni ya kopo la rangi ya nywele linalokaa nyuma ya kioo, lile unalojipaka mwenyewe ukishafunga duka, na sisi watoto tukafundishwa kuwaambia watu kwamba nywele za baba ni nyeusi za kuzaliwa.

Naelewa ulivyofika hapo. Ulisema rafiki. Ukaulizwa rangi, ukasema nyeusi ili nisimjue. Halafu ikabidi mbwa awe mweusi kweli. Kungekuwa hakuna kidonda ningecheka mpaka machozi.

Lakini mume wangu aliweka kipimo cha mbwa aliyezaliwa mweusi, ambaye weusi uko kwenye manyoya. Wewe ulimpaka mpaka ngozi. Rangi yako ndiyo iliyokunywa moto.

Utasema mtu wa kazi yake angeliona hilo. Angeliona kama angemtazama. Tangu amuunguze hamtazami. Akirudi anapita kando ya ukuta, anauliza "amekula?" huku ameupa mlango uso. Chakula anakula amesimama jikoni. Ameandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye mfuko wa koti lake la kazi, anataka aitoe kabla hawajamfukuza. Kikao ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao.

Kwa nini simwambii? Kwa sababu nikimwambia mimi, atakusamehe kabla hujafungua mdomo, kisha atajitwisha lawama yote ili usiumbuke. Namjua. Kila akiniaga asubuhi nauma ulimi, na naona haya kwa hilo, maana mume ni wangu na aibu ninayoilinda ni yako. Sema mwenyewe. Usiposema mpaka kikao, nitasema mimi, na sitapunguza kitu.

Kitindamimba wako


28 Machi

Mwanangu,

Mbwa wengi huweka kidevu juu ya mguu wa mtu. Huo si ushahidi.

Na rangi ya nywele inauzwa kila duka, pengine rafiki yangu naye anayo. Una haraka ya kuhukumu, umerithi kwa mama yako.

Unataka niseme nini? Nimewachekesha watu na kazi ya mumeo tangu siku ya posa. Nikimwambia mtu mmoja, benchi zima litajua kabla ya jioni: yule aliyebweka ndiye aliyepeleka mbwa wake kwa siri, tena amempamba kama bibi harusi. Nitamshikiaje mtu wembe shingoni naye anatetemeka kwa kicheko?

Kizingitini hakuna mtu. Wateja wanaingia tu, hawakaguliwi.

Anakula? Chakula cha moto hapendi, kipoe kwanza. Analala upande gani?

Baba


31 Machi

Baba,

Anakula. Analala upande wa kulia. Kikao ni Jumatatu.

Mimi


2 Aprili

Kwa Daktari Mkuu, Kliniki ya Wanyama

Mheshimiwa Daktari,

Hunijui. Mimi ni kinyozi, na barua hii nimemkabidhi dereva wa basi mkononi ili ikufikie kabla ya Jumatatu.

Mbwa aliyeungua kwenye kliniki yenu haitwi Meja, anaitwa Karani. Si mweusi, ni wa kahawia, na mdomo wake umeingia mvi. Si kiziwi. Hakuna rafiki. Mbwa ni wangu.

Mkwe wangu aliniandikia wazi kwamba asipakwe chochote. Barua yake nimeiweka humu uisome. Mimi nilimpaka rangi ya nywele, baada ya kufunga duka na kuvuta pazia, kopo zima na la pili nikaligusa. Nilifanya hivyo ili binti yangu asimtambue mbwa, nami nisijulikane kuwa nimeomba msaada kwa kazi niliyoicheka. Karani alisimama kimya muda wote kwa miguu ile mibovu. Nadhani aliamini namtibu.

Katika kazi yangu kuna jambo moja ambalo nimewafokea wote niliowafundisha. Kabla hujampaka mtu rangi, paka kidogo nyuma ya sikio, usubiri, utazame. Karani sikumjaribu nyuma ya sikio. Nilikuwa na haraka ya kuficha. Mkwe wangu anajilaumu kwa glavu, na glavu ni kosa, sikatai. Lakini lake amelitaja mwenyewe; langu mimi nililiweka mfukoni nikaendelea kunyoa watu kwa zaidi ya wiki.

Ukiamua kumfukuza, mfukuze ukijua haya. Ukinidai kitu, nidai mimi. Naona aibu kuandika hivi kwa mtu nisiyemjua, na naona aibu zaidi kwamba kwako imekuwa rahisi kuliko kwake.

Mwenye mbwa


8 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako kwa daktari ilisomwa kikaoni nikiwepo. Daktari alipofika kwenye "hakuna rafiki" alifuta miwani yake, akaendelea. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nilitamani inimeze, na sikujua kama naona haya kwa ajili yangu au kwa ajili yako.

Nimerudishwa kwenye mashine. Kwa muda nitasimamiwa, na glavu hazivaliwi tena. Naona ni haki. Ile barua ya kuacha kazi sikuipata mfukoni. Binti yako alikuwa ameifua pamoja na koti, nadhani makusudi.

Jana nimemtazama Karani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Manyoya mapya yanaota kwenye mizizi, kahawia mgongoni, meupe mdomoni. Kidonda kimefunga. Tumeanza upya, mbali na kovu, mkono wangu ukifuata mwanga. Alisinzia. Leo asubuhi aliinuka kwa mara moja bila kuketi tena, akatembea mpaka mlangoni, akaanza kumkagua mgeni aliyebisha hodi.

Kuna neno limenikaa kooni na inabidi nipige moyo konde niliseme. Daktari umemwandikia. Mimi hujaniandikia. Najua haya iliyopo kati ya mkwe na baba mkwe na sitaki kukuvunjia heshima. Lakini nilikuomba msamaha kwa mbwa asiyekuwepo wa rafiki asiyekuwepo, na ukanyamaza. Vikombe vya sabuni viliniumiza. Kule kunyamaza kumeniumiza zaidi.

Karani akimaliza matibabu anaweza kusafiri. Tuma mtu amchukue, au nitampandisha basi.

Mkweo


13 Aprili

Mwanangu,

Samahani. Nimeliweka neno hilo juu kabisa ili nisipate nafasi ya kulikimbia.

Barua yako ya mbwa kuungua ilipofika nilijua papo hapo. Sikuhitaji kusubiri binti yangu aniambie habari za kitambaa. Nilijua nikiwa nimesimama na brashi ya sabuni mkononi, nikaikunja barua, nikamalizia kidevu cha mteja. Ningeweza kukujibu jioni ileile. Nilikuacha uoshe vizimba, na nikakuacha uniombe radhi mimi. Nimetafuta namna ya kulisema hilo nikabaki na sura nzuri, sijaiona.

Benchi wanajua. Niliwaambia Jumamosi, duka limejaa, nikaanzia kwa rafiki. Walicheka, na mmoja ikabidi atoke nje. Niliwaacha wacheke. Walipochoka, yule aliyekuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, akaniuliza Karani anaendeleaje, kama maumivu yamepungua. Nilifuta wembe kwanza. Nikamwambia yuko mikononi mwa mwanangu.

Kopo nimelitupa. Kwa sasa nywele zangu ni nyeupe chini na nyeusi juu, nimekuwa kituko, tutafanana mimi na Karani. Binti yangu mwandae asije akaanguka kwa kicheko.

Usimpandishe basi. Nakuja Alhamisi mwenyewe. Mbwa akimulikwa nataka niwe chumbani, nimshike kichwa, nione mkono wako unavyofuata. Niwekee ile miwani. Iwe pana, kichwa changu si kidogo.

Baba yako